SAT au ACT? Mwongozo kamili wa kuchagua mtihani kabla ya kuomba chuo Marekani

Swali hili huulizwa karibu kila mara likiwa limepinda: "Upi rahisi?" Anayeuliza hivyo anaamini kwamba mmoja wa mitihani hii miwili, inayopima usomaji, Kiingereza na hisabati kwa waombaji wa vyuo vya Marekani, ni njia ya mkato ambayo wajanja wanaijua na yeye bado hajaambiwa. Njia hiyo haipo. Vyuo vikuu vya Marekani vinavyopokea alama za mtihani hupokea SAT na ACT kwa uzito uleule, na ofisi za udahili zina jedwali la kugeuza alama za huu kuwa za ule. Hadithi kwamba vyuo vya pwani hupenda SAT na vya katikati ya nchi hupenda ACT ilikuwa na chembe ya ukweli zamani. Siku hizi ni ya kusimuliana tu.

Swali lenye faida ni jingine: mtihani upi unakunyang'anya alama chache zaidi wewe, kwa kasi yako ya kusoma, hesabu ulizofundishwa na muda uliobaki? Rafiki aliyepata 1500 kati ya 1600 za SAT hawezi kukujibia hilo. Utajijibu mwenyewe kwa Jumamosi mbili, saa ya mezani na daftari la makosa. Ila kabla ya Jumamosi hizo kuna kazi ya kufanya, na wengi huiruka.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba unauhitaji mtihani wenyewe

Usilipe hata senti kabla ya kuandika orodha ya vyuo unavyokusudia kuomba. Kumi vinatosha. Fungua ukurasa wa udahili wa kila chuo (wa chuo chenyewe, si wa wakala wala wa mtu anayekusanya habari mitandaoni), kisha mbele ya jina lake andika mojawapo ya haya: lazima, hiari, hawatazami.

Sharti hili limekuwa likipanda na kushuka, ndiyo maana taarifa ya miaka miwili iliyopita inaweza kukupoteza. Mwaka 2020 vituo vya mitihani vilipofungwa kwa sababu ya Korona, vyuo vingi viliondoa sharti la alama. MIT ilirudisha sharti hilo mwaka 2022. Mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech zikatangaza kufuata njia hiyohiyo. Upande wa pili, vyuo vyote vya mfumo wa University of California, zikiwemo Berkeley na UCLA, havitazami alama za SAT wala ACT wakati wa udahili; ukizituma hazikusaidii wala hazikudhuru. Katikati wamekaa wa hiari: Columbia ni mmoja, University of Chicago ilianza mwaka 2018, na Bowdoin ndiyo mkongwe wao, tangu 1969.

Soma pia maandishi madogo. Yale inakubali matokeo ya AP (mitihani ya Marekani ya masomo ya juu ya sekondari) au IB (diploma ya kimataifa ya sekondari) badala ya SAT na ACT. Dartmouth huwaruhusu wanaosoma nje ya Marekani kutumia matokeo ya IB, A-Level au mtihani wa taifa unaolingana nayo. Harvard inataka SAT au ACT, lakini imeacha upenyo kwa mwombaji ambaye kwa hali ya pekee hawezi kuifikia. Mwombaji anayesoma nje anaweza kugundua kwamba cheti alichonacho tayari kinatosha kwa chuo fulani, na ada ya mtihani ikabaki mfukoni.

Neno "hiari" ndilo linalosumbua zaidi. Wapo wanaolisoma kama "haina maana", na hapo wanajiumiza. Vyuo vingi huchapisha alama za wanafunzi waliowapokea kwa namna hii: robo ya chini walipata pungufu ya alama fulani, robo ya juu walipata zaidi ya alama fulani. Alama zako zikiwa katikati ya mipaka hiyo au juu yake, zitume. Zikiwa chini ya mpaka wa chini, mara nyingi ni busara kuzizuia. Nasema mara nyingi kwa sababu watafiti wa Dartmouth, katika ripoti ya 2024 iliyokifanya chuo kirudishe sharti, walionyesha kwamba waombaji kutoka mazingira magumu walikuwa wakificha alama ambazo zingewasaidia: ofisi ya udahili husoma alama ikizingatia shule uliyotoka. Kama shule yako haijulikani kabisa huko, alama ya SAT au ACT ni kipimo kimojawapo wanachokifahamu bila kuelezwa. Mimi ningeegemea kutuma.

Mambo mawili ya haraka. Ufadhili fulani hudai alama hata pale ambapo udahili wenyewe haudai, kwa hiyo kagua na kurasa za ufadhili. Halafu SAT na ACT si mitihani ya kuthibitisha Kiingereza. TOEFL au IELTS ni shughuli ya pembeni yenye sharti lake.

Kama orodha yako imejaa "hawatazami", funga mwongozo huu ukaandike insha zako.

Hatua ya 2: Ijue mitihani kama ilivyo sasa

Hapa tahadhari ni moja: mitihani yote miwili imebadilika juzijuzi. Vitabu vya mitumba, video za zamani na ushauri wa kaka aliyefanya mwaka 2019 vinaeleza mitihani ambayo haipo tena.

SAT inaendeshwa na College Board. Tangu Machi 2023 nje ya Marekani, na Machi 2024 ndani yake, imekuwa ya kompyuta tu, kupitia programu iitwayo Bluebook. Inachukua saa 2 na dakika 14, maswali 98. Sehemu ya Kusoma na Kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64. Hisabati maswali 44 kwa dakika 70. Katikati kuna mapumziko ya dakika 10. Kila sehemu imegawanywa moduli mbili, na hapa ndipo penye ujanja: moduli ya pili hutegemea ulivyofanya ya kwanza. Ukifanya vizuri, unapewa ngumu zaidi, yenye njia ya kufika alama za juu kabisa. Ukiteleza ya kwanza, ya pili inakuwa nyepesi, lakini dari ya alama zako imeshushwa. Kwa hiyo moduli ya kwanza haistahili haraka ya kizembe. Na usijaribu kupima unavyoendelea kwa ugumu wa moduli ya pili ukiwa chumbani. Mawazo hayo yamewaharibia watu siku. Alama huanzia 400 hadi 1600, yaani 200 hadi 800 kwa kila sehemu.

ACT ilianza kubadilishwa Aprili 2025 kwa waliofanya kwa kompyuta ndani ya Marekani, na kufikia Septemba mwaka huo mfumo mpya ukawa wa mitihani ya Jumamosi kwa jumla. Ule wa zamani ulikuwa na maswali 215 ndani ya saa 2 na dakika 55, mbio za kukata pumzi. Mpya una sehemu tatu za msingi: Kiingereza maswali 50 kwa dakika 35, Hisabati maswali 45 kwa dakika 50, Kusoma maswali 36 kwa dakika 40. Sayansi, maswali 40 kwa dakika 40, sasa ni ya hiari, sawa na insha ya dakika 40. Alama ni 1 hadi 36, na ile ya jumla ni wastani wa zile sehemu tatu. Sayansi hupewa alama yake pembeni. Maswali ya Hisabati yaliyokuwa na majibu matano ya kuchagua sasa yana manne. Ndani ya Marekani unaweza kuchagua karatasi au kompyuta. Nje ni kompyuta.

Gawanya dakika kwa maswali uone tabia ya kila mmoja. SAT inakupa takribani sekunde 71 kwa swali la Kusoma na Kuandika, na sekunde 95 kwa Hisabati. ACT inakupa sekunde 42 kwa swali la Kiingereza, na takribani 67 kwa Kusoma na kwa Hisabati. ACT imepunguza mwendo, lakini bado inakimbia. SAT inatembea, ila kila hatua ni kwenye kokoto.

Tofauti hiyo ina asili yake. SAT ilifanywa mara ya kwanza mwaka 1926, na Carl Brigham aliyeiunda alikuwa ametokea kwenye vipimo vya akili vya jeshi la Marekani vya Vita Kuu ya Kwanza. ACT ilizaliwa mwaka 1959 Iowa, mikononi mwa E. F. Lindquist, ikikusudia kupima yaliyofundishwa darasani. Leo zimekaribiana sana, lakini SAT bado hupenda kukuuliza kwa mzunguko, na ACT bado hupenda kukuuliza mengi.

Katika kusoma, SAT haina vifungu virefu. Kila swali lina kifungu chake cha maneno 25 hadi 150, kisha unahamia mada nyingine kabisa: sasa hivi ni popo, sekunde sabini baadaye ni shairi la karne ya 19, kisha jedwali la mavuno. ACT hukupa kifungu kirefu kimoja na kukiulizia maswali mfululizo, na jibu mara nyingi limelala humohumo likisubiri kuonwa. Kwa msomaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, hili si jambo dogo. Wengine hufurahia ufupi wa SAT. Wengine huchoshwa na kuanza upya mara 54, na hufanya vizuri pale wanapopata nafasi ya kuzoea sauti ya mwandishi mmoja.

Sarufi wala isikutishe. Mitihani yote miwili inapima kanuni zilezile chache za alama za uandishi na upatanisho, na ni sehemu inayopanda haraka kuliko zote. Mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji hapa asioujua. Hatuwezi kusema "vitabu alivyonunua mwalimu kimeanguka", hata sentensi ikirefushwa namna gani katikati, kwa sababu sikio linakataa. Mtego mkubwa wa upatanisho wa SAT na ACT ni huohuo: wanaweka maneno mengi kati ya kiima na kitenzi wakitumaini utasahau kiima kilikuwa kimoja au vingi. Kitafute kiima kwanza.

Hisabati ndiyo inayoamua kwa wengi. SAT imechimba kina: karibu asilimia 70 ya maswali yake ni aljebra ya aina mbalimbali, na jiometri pamoja na trigonometria ni takribani asilimia 15 tu. Inakupa karatasi ya kanuni, na ndani ya Bluebook kuna kikokotoo cha Desmos kinachochora grafu. Ila takribani robo ya maswali hayana majibu ya kuchagua. Unaandika jibu mwenyewe. ACT imetandaza wavu mpana zaidi, ikigusa matriksi, logariti, vekta na namba changamano, wala haikupi kanuni. Aliyekaririshwa kanuni shuleni akazishika hatalalamika. Aliyezoea kubahatisha kwa kuondoa majibu mabaya atahisi ACT inampenda zaidi.

Kuhusu Sayansi ya ACT: jina linadanganya. Haipimi kama unakumbuka mzunguko wa naitrojeni, inapima usomaji wa grafu, majedwali na maelezo ya majaribio kwa haraka. Ichukue kama chuo kimojawapo katika orodha yako kinaitaka, au kama unaomba uhandisi au sayansi na mazoezi yanaonyesha itakupamba. Vinginevyo usijiongezee dakika 40.

Hatua ya 3: Jumamosi mbili

Sasa pima. Jumamosi ya kwanza fanya SAT nzima, Jumamosi inayofuata ACT nzima, asubuhi, saa ileile. Usisome chochote kati yake, maana hapa unapima ulipo.

SAT ifanye ndani ya Bluebook yenyewe, ambamo kuna mitihani kamili ya mazoezi bila malipo. Ya karatasi haibadiliki kulingana na majibu yako, kwa hiyo haikupi picha halisi. ACT hutoa jaribio la bure kwenye tovuti yake. Hakikisha ni la mfumo mpya. Ukiona Kiingereza kina maswali 75, umeshika la zamani, liweke kando.

Simu iwe chumba kingine. Mapumziko yawe yale yaliyoruhusiwa tu. Jibu kila swali hata kwa kubahatisha, kwa sababu mitihani yote miwili haikati alama kwa jibu baya, na kuacha wazi ni kujinyima bure. Na ukikutana na swali la ajabu lisilofanana na mengine, lipite bila kutetereka. Yapo maswali ya majaribio yasiyohesabiwa.

Kuna jambo moja la kuongeza ambalo ndilo kiini cha zoezi zima. Kwenye ACT, muda wa sehemu ukiisha, piga mstari, badilisha kalamu, kisha malizia maswali yaliyobaki bila saa. Utakuwa na alama mbili: ya ndani ya muda na ya bila muda. Kwenye SAT programu itafunga moduli yenyewe, kwa hiyo andika pembeni namba za maswali uliyobahatisha kwa kukosa muda, uyarudie baadaye kwa utulivu. Pengo kati ya alama hizo mbili litakuambia mengi kuliko alama yenyewe.

Hatua ya 4: Soma matokeo kwa macho mawili

Jicho la kwanza ni jedwali la ulinganisho. College Board na ACT walilitoa pamoja mwaka 2018. Baadhi ya mistari yake ni hii:

ACT 34 ni sawa na SAT 1500
ACT 32 ni sawa na SAT 1430
ACT 30 ni sawa na SAT 1370
ACT 28 ni sawa na SAT 1310
ACT 25 ni sawa na SAT 1210
ACT 23 ni sawa na SAT 1140
ACT 20 ni sawa na SAT 1040

Jedwali hilo lilitengenezwa wakati Sayansi bado ilikuwa ndani ya alama ya jumla ya ACT, kwa hiyo lichukue kama ramani ya njia kuu, si ya vichochoro. Tofauti ikifika alama mbili za ACT, yaani takribani pointi 60 au 70 za SAT, uamuzi umekwisha: nenda na ulioshinda. Tofauti ya pointi 20 au 30 inaweza kuletwa na usiku wa mbu. Hapo fungua jicho la pili.

Jicho la pili ni daftari la makosa. Kila kosa liweke katika fungu lake: sikujua; nilijua ila muda ulikwisha; nilijua ila nikasoma vibaya. Makosa ya "sikujua" yanatisha kuyaona lakini ndiyo yanayotibika, hasa kwenye hisabati na sarufi: unajifunza mada, yanaondoka. Makosa ya "nilisoma vibaya" hupungua kwa mazoezi. Makosa ya muda ndiyo sugu. Kasi ya kusoma Kiingereza haiongezeki maradufu ndani ya miezi mitatu.

Tumchukue mwanafunzi wa mfano, tumuite Neema. Amepata ACT 25 na SAT 1190. Kwa jedwali, ACT imemzidi kidogo, na marafiki watamwambia achukue ACT. Lakini ACT yake bila muda ilifika 31, kumaanisha makosa yake mengi huko ni ya saa. Kwenye SAT alimaliza kila moduli akiwa na dakika mkononi, na makosa ya hisabati yalijazana kwenye milinganyo ya kwadratiki na asilimia, vitu alivyosoma zamani akavisahau. Neema anapaswa kuchagua SAT, ingawa alama ya leo inasema vingine. Unachagua mtihani ambao utakuwa mzuri kwako baada ya miezi mitatu.

Mfikirie na mwenzake, Juma, mwenye alama zinazolingana na za Neema. Anasoma kwa kasi, ACT aliimaliza, na makosa yake ni ya matriksi na logariti ambazo hajawahi kufundishwa. Kwenye SAT muda ulimtosha, lakini alikosa yale maswali ya kifungu chenye mantiki ya kujizungusha, na hata alipoyarudia kwa utulivu aliyakosa tena. Juma ni wa ACT. Matriksi za kiwango hicho zinajifunzika kwa wiki.

Ukishindwa kabisa kuona tofauti, mimi ningesema SAT, kwa sababu ya muda mrefu kwa kila swali na mazoezi ya bure yaliyo mengi zaidi: tovuti ya masomo ya Khan Academy ina kozi nzima ya SAT iliyoandaliwa pamoja na College Board, bila malipo.

Hatua ya 5: Kagua mambo ya kawaida yanayoweza kupindua uamuzi

Kituo kwanza. Kabla ya kujifunga na mtihani, ingia kwenye tovuti ya kila mmoja utafute kituo kilicho karibu nawe chenye nafasi kwa tarehe unayoitaka. Vituo hujaa. Mtihani unaokufaa kwa daftari lakini unaohitaji safari ya siku nzima na usiku wa nyumba ya wageni huenda usikufae kwa vitendo.

Kifaa: Bluebook hufanya kazi kwenye kompyuta au tableti, si kwenye simu. Kama kompyuta ni ya kuazima, iazime mapema, sakinisha programu, na fanya nayo angalau jaribio moja zima, betri ikiwa imejaa.

Ada: kwa mwaka wa masomo 2024–25 SAT ilikuwa dola 68, na aliye nje ya Marekani aliongezwa dola 43, jumla 111. ACT nje ya Marekani imekuwa ghali kuliko hapo. Ada hubadilika, kwa hiyo soma ya mwaka wako. Misamaha ya ada ya mitihani yote miwili imelenga wanafunzi walio Marekani. Aliye nje aulize EducationUSA, mtandao wa ushauri wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ambao una mpango wa kuwasaidia wanafunzi hodari wasio na uwezo kulipia gharama za maombi.

Mwenye ulemavu au tatizo la kusoma lililothibitishwa na wataalamu anaweza kuomba muda wa ziada katika mitihani yote miwili. Uamuzi huchukua wiki, basi omba kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 6: Ukichagua, achana na wa pili

Kujiandaa kwa yote miwili sambamba ni kukimbiza sungura wawili. Mienendo ni tofauti. Kila wiki utakuwa unajifunza upya kasi. Futa vitabu vya mtihani uliouacha.

Kisha hesabu kurudi nyuma kuanzia tarehe ya mwisho ya maombi. Kwa vyuo vingi, maombi ya mapema hufungwa Novemba 1, na ya kawaida mwanzoni mwa Januari. SAT hufanywa mara nane kwa mwaka: Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba, Machi, Mei na Juni. Matokeo hutoka baada ya wiki mbili hivi. Ya ACT yanaweza kuchelewa zaidi. Ratiba ninayoipenda ni kufanya mara ya kwanza Machi au Mei, kurekebisha yaliyovuja, na kurudia Agosti, ili Oktoba ibaki kama akiba. Mara tatu zinatosha. ACT inakuruhusu kufanya hadi mara 12, lakini anayefika huko ana tatizo ambalo mtihani wa 13 usingelitatua.

Kurudia kuna faida ya ziada. Vyuo vingi huchukua alama yako bora ya kila sehemu hata kama zimetoka tarehe tofauti. Machi ulipata Kusoma na Kuandika 640 na Hisabati 700, jumla 1340. Agosti ukapata 690 na 670, jumla 1360. Chuo kinachounganisha kitakuhesabia 690 na 700, yaani 1390. Kwa hiyo mara ya pili elekeza nguvu kwenye sehemu dhaifu bila kuogopa ile nyingine ikishuka kidogo. ACT nayo huunganishwa hivyo. Lakini vyuo havifanani: Georgetown, kwa mfano, inataka alama zote za kila mara uliyofanya.

Kubadilisha mtihani katikati ya safari inaruhusiwa kwa sababu moja tu: umefanya mara mbili rasmi, alama zimeganda, na daftari linaonyesha makosa ya muda yaleyale. Kukasirishwa na matokeo ya kwanza siyo sababu.

Hatua ya 7: Jina, na kutuma

Wakati wa kujiandikisha, jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Watu wetu wenye majina matatu huumia hapa: shuleni jina la babu liko mwisho, kwenye pasipoti limekaa kwingine, na kwenye fomu ya chuo mwombaji akaandika mawili tu. Msimamizi anaweza kukurudisha mlangoni, na hata ukipita, alama zako zinaweza kushindwa kukutana na faili lako. Amua mpangilio mmoja, ule wa pasipoti, na uutumie kwenye mtihani, fomu za maombi, TOEFL na barua pepe.

Kwa kutuma, SAT inakupa ripoti nne za bure ukichagua vyuo kabla ya siku tisa kupita baada ya mtihani, yaani kabla hujaziona alama. Zitumie kwa vyuo ambavyo vinataka alama zako kwa vyovyote vile. Vya hiari viache hadi uone ulichopata. Ripoti za baadaye zinalipiwa kila moja, lakini vyuo vingi hukuruhusu kujaza alama mwenyewe kwenye fomu na kudai ripoti rasmi ukishapokelewa. Ukiomba vyuo kumi, hapo umeokoa karibu ada ya mtihani mzima.

Ukijaza mwenyewe, jaza ukiwa umefungua ukurasa wa matokeo pembeni, na uweke nakala yake mahali salama. Ripoti rasmi itakapofika, watailinganisha na ulichoandika.